Habari za Jandamarra, Mtu wa Makorongo ya Kimberley

Mhariri wa gazeti letu aliniomba muhula huu niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, lakini akaniwekea sharti kwamba asiwe mmoja wa wale wanaoandikwa kila mwaka. Habari za Livingstone, za Napoleon na za Shaka mmezisoma mpaka mmezichoka. Basi nimeona niwachukue mbali kidogo, hata pembe ya kaskazini magharibi ya Australia, niwaeleze habari za kijana aliyeitwa Jandamarra, ambaye alikufa mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24 hivi. Kwao ni mtu ajulikanaye sana. Ameandikwa vitabuni, amechezwa katika michezo ya kuigiza, na nyimbo zimetungwa juu yake. Lakini hapa shuleni nimeuliza kidato hata kidato, wala sikumpata mwanafunzi hata mmoja aliyepata kulisikia jina hilo.

Kwanza yafaa muijue nchi yenyewe, maana maisha ya mtu huyu hayaeleweki mbali na mawe aliyozaliwa kati yake. Jimbo hilo huitwa Kimberley. Ukubwa wake wapita kilometa za mraba 420,000, yaani karibu na nusu ya Tanzania, na watu wakaao humo ni wachache sana. Majira ni mawili tu. Toka Novemba hata Aprili mvua hunyesha kwa nguvu, mito hufurika na njia hufungwa. Miezi iliyobaki ni kiangazi, mbingu haina wingu na mito mingi hukatika ikawa vidimbwi. Katikati ya tambarare imesimama safu ndefu ya mawe ya chokaa iitwayo Napier Range. Ukiitazama kwa mbali wadhani ni ukuta wa ngome uliojengwa na watu. Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, bahari ilifika hapo, na ukuta huo ulikuwa mwamba wa baharini kama ile tuionayo pwani yetu wakati wa maji kupwa. Bahari ikaondoka, mwamba ukabaki juu ya nchi kavu. Kisha mito ikaukata. Mto Lennard umepasua safu hiyo toka upande mmoja hata wa pili, ukafanya korongo lenye urefu wa kilometa 3.5, na kuta zake mahali pengine zafikia meta 100 kwenda juu. Hilo ndilo Korongo la Windjana.

Na katika tambarare hizo kuna mibuyu. Sisemi miti inayofanana na mibuyu. Ni mibuyu hasa, ndugu wa mibuyu yetu ya Dodoma na Kilwa, ila ni aina nyingine na shina lake limevimba kama chupa. Aina zote za mbuyu zilizopo duniani hupatikana katika bara letu la Afrika, katika Bukini, na katika pembe hiyo ya Australia.

Mimi nilipata bahati ya kuipita nchi hiyo mwezi wa Julai mwaka 2017, wakati nilipokuwa masomoni katika mji wa Perth. Tulikuwa watu wanne, tukakodi gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, tukatoka Derby, mji mdogo wa bandari, tukashika barabara iitwayo Gibb River Road. Barabara hiyo ina urefu wa kilometa 660 hivi, ilitengenezwa kwa ajili ya kupitisha ng'ombe wa kuchinjwa, na sehemu kubwa yake ni changarawe iliyokunjamana kama bati. Ukienda polepole gari latetemeka mpaka meno yanagongana; ukienda mbio huna hakika ya kusimama ng'ombe akikatiza. Ilitubidi kupunguza upepo katika matairi ili yasipasuke juu ya mawe makali, na hata hivyo tulipata pancha mbili kabla ya siku ya pili kwisha. Tulichukua matairi mawili ya akiba, jeki, madebe ya petroli, na maji ya kunywa ya kutosha siku sita, ingawa safari yetu ilikuwa ya siku nne. Jambo hilo la maji naliandika kwa ajili ya vijana wa chama chetu cha safari, ambao mwaka jana walipanda mlima na chupa moja kila mtu.

Usiku tulipiga hema karibu na mlango wa Korongo la Windjana. Mchana jua lilikuwa kali, lakini usiku baridi iliingia hata ndani ya blanketi mbili. Kulipopambazuka, jua lilipiga ukuta wa mawe ukageuka kutoka rangi ya majivu kuwa ya kutu, kisha ya dhahabu, na ndege weupe jamii ya kasuku wakaanza makelele. Tulitembea ndani ya korongo kwa miguu. Mamba wamelala mchangani kando ya vidimbwi. Ni wa aina ya maji baridi, wenye pua nyembamba, wala si wakali kama wale wa kwetu Rufiji, lakini hakuna aliyetuhimiza tuwaendee karibu. Tuliwahesabu mpaka 40 tukaacha. Mahali hapo ndipo palipopiganwa vita nitakayoieleza.

Watu wa nchi hiyo ni Wabunuba. Wamekaa humo tangu zamani zisizohesabika, wakiwinda, wakichimba mizizi, wakivua samaki katika vidimbwi, na kila jabali na kila kisima kina jina na kisa chake. Mwaka 1879 mpelelezi mmoja aitwaye Alexander Forrest alipita katika Kimberley, akarudi na habari kwamba kuna majani mengi yafaayo mifugo. Habari hizo zilitosha. Kabla ya miaka mitano kupita walowezi walikuwa wamekwisha kuingia na makundi ya kondoo, na mwaka 1883 mji wa Derby ulianzishwa. Serikali ya koloni iliwagawia walowezi nchi kwa ramani, kana kwamba haina mtu. Kondoo na ng'ombe walikula majani ya wanyama wa porini, wakatibua visima na kuvichafua. Wenyeji walipoona kwamba kangaruu wamepungua, wakaanza kuwachoma kondoo kwa mikuki. Kwa walowezi huo ulikuwa wizi, na polisi wakaletwa.

Katika siku hizo Jandamarra alikuwa mtoto. Alizaliwa yapata mwaka 1873. Alipokuwa angali mdogo alikwenda kukaa katika shamba la mifugo la mlowezi mmoja, William Lukin, kando ya Mto Lennard, na huko akajifunza mambo ambayo watoto wengine wa Kibunuba hawakuyajua: kupanda farasi, kukata manyoya ya kondoo, kusema Kiingereza, na kupiga bunduki. Hakuwa mkubwa wa mwili, lakini alikuwa mwepesi ajabu, na mbio zake zilisifiwa na watu wote. Walowezi walimpa jina la Njiwa, na jina hilo ndilo lililoandikwa katika hati za polisi mpaka mwisho. Alipofikia umri wa kuingizwa jandoni aliacha shamba akarudi kwa watu wake, akafundishwa sheria za kabila. Kwa hiyo alikuwa kijana mwenye elimu mbili, na kila moja ilimdai utii.

Mwaka 1889 alikamatwa pamoja na jamaa yake mkubwa aitwaye Ellemarra, mtu aliyeheshimiwa sana kwa ukaidi wake mbele ya walowezi. Wakashtakiwa kwa kuua kondoo, wakatembezwa kwa miguu hata Derby wakiwa wamefungwa minyororo. Hapa sina budi kusimama kidogo. Desturi ya polisi wa Australia Magharibi katika siku hizo ilikuwa kuwafunga wenyeji mnyororo wa shingoni, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyosoma katika habari za misafara ya watumwa wa bara letu. Mnyororo haukuwa kwa wahalifu tu. Hata mashahidi walifungwa. Daktari Walter Roth, aliyetumwa na serikali kuchunguza mambo hayo, aliieleza desturi hiyo na kuilaumu vikali katika taarifa yake ya mwaka 1905, naye akaonyesha jinsi polisi walivyolipwa posho ya chakula kwa hesabu ya vichwa vya wafungwa, hata ikawa faida kwao kukamata wengi. Lakini mnyororo wa shingoni uliendelea kutumika miaka mingi baada ya taarifa hiyo.

Nje ya mji wa Derby upo mbuyu mkubwa wenye tundu shinani, na wageni huambiwa kwamba wafungwa walilazwa humo ndani. Sisi pia tulisimama tukaupiga picha. Baadaye nilisoma kwamba watafiti waliotafuta ushahidi wa jambo hilo hawakuupata. Walichokipata ni kwamba wenyeji walikuwa wakiutumia mti huo kuweka mifupa ya wafu wao, zamani kabla ya polisi kufika. Nawaamini watafiti. Mambo yaliyotendeka kweli yatosha, hayahitaji kuongezewa.

Huko Derby Jandamarra aliwekwa kutunza farasi wa polisi, na wakubwa wakampenda kwa ufundi wake. Baada ya muda akarudi nyumbani, lakini hakudumu kwa amani. Alivunja sheria ya kabila kuhusu wanawake aliokatazwa kuwa nao, na kosa hilo kwa Wabunuba halikuwa dogo. Akakimbia ghadhabu ya wazee. Akawa hana mahali: kwa walowezi ni mtumishi tu, na kwa watu wake ni mkosaji. Ndipo alipokwenda kufanya kazi katika shamba la Lillimooloora, karibu na Korongo la Windjana, akafanya urafiki na Mzungu mmoja jina lake Bill Richardson. Richardson alipojiunga na polisi alimchukua Jandamarra awe mtafuta nyayo wake.

Kazi ya mtafuta nyayo ilikuwa kusoma ardhi. Askari wa Kizungu peke yake hangeweza kumkamata Mbunuba katika majabali yale, hata akipewa mwaka mzima. Alimhitaji mwenyeji awezaye kuona jani lililolala na jiwe lililogeuzwa. Jandamarra alizijua njia zote, na mapango yote, na mahali maji yanapobaki wakati wa kiangazi. Yeye na Richardson wakasifiwa kuwa jozi hodari kuliko zote katika wilaya hiyo. Na wale aliowafuata na kuwakamata walikuwa watu wa lugha yake, wengine wa damu yake. Wako waandishi wapendao kuiruka sehemu hii ya maisha yake upesi ili wafike kwenye ushujaa. Mimi naona ndiyo sehemu ya kutazamwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtu huyu aliposimama kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua ataelekea wapi.

Mwezi wa Oktoba 1894 Richardson, pamoja na Jandamarra na mtafuta nyayo mwingine aliyeitwa Captain, walikamata kundi kubwa la Wabunuba, watu wapatao 16. Kati yao alikuwamo Ellemarra mwenyewe. Wakawaleta Lillimooloora, ambako nyumba ya mawe ya shamba ilikuwa imegeuzwa kituo cha polisi. Richardson hakuondoka mara moja kuwapeleka Derby. Siku zikapita, wafungwa wamekaa katika minyororo, na kila siku Jandamarra huwapa maji na kuwalinda. Walikuwa na wakati wa kutosha wa kusema naye kwa lugha ambayo Richardson hakuifahamu. Walimkumbusha yeye ni nani, na nchi ile ni ya nani, na kwamba makundi makubwa ya ng'ombe yako njiani kuja kuingizwa katika nchi ya Wabunuba ng'ambo ya safu ya mawe, mahali pa mwisho walipokuwa bado wamesalia na uhuru wao.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1894 Jandamarra alimpiga Richardson risasi, akafa. Kisha akawafungua wafungwa wote, wakachukua bunduki na risasi, wakaingia majabalini.

Kuta za nyumba hiyo zingali zimesimama, ingawa paa halipo. Tulifika hapo saa kumi alasiri, upepo ukipita katika madirisha matupu. Mmoja wa wenzangu, aliyekuwa mwanasheria kwao, alisema kwamba kumpiga risasi mtu aliyekula naye na kulala naye kambi moja ni jambo asiloweza kulisifu, hata iwe kwa sababu gani. Mwingine akamjibu kwamba watu 16 wenye mnyororo shingoni nao walikuwa wamekaa hatua chache tu kutoka kitandani. Wakabishana mpaka giza likaingia, na chai ikaungulia motoni. Mimi sikushika upande wakati ule. Nilichokiona ni kwamba Jandamarra hakuwa na njia yoyote ya kumwacha salama rafiki yake na ndugu zake pia. Alikuwa amekwisha kuingia mahali ambapo lazima amsaliti mmoja, na waliomwingiza humo ni wale waliobuni kazi yenyewe ya kumtuma mtu akawinde ukoo wake.

Siku chache baadaye, tarehe 10 Novemba, kundi la ng'ombe lililotarajiwa likafika katika Korongo la Windjana. Wabunuba walikuwa wanangoja. Wazungu wawili, Burke na Gibbs, waliuawa, wenzao wakakimbia, na Wabunuba wakapata gari la mizigo lenye bunduki na risasi nyingi. Lilikuwa jambo jipya kabisa. Wenyeji wa Australia walikuwa wamepigania nchi zao mahali pengi kwa mikuki, lakini ilikuwa nadra kusikia jeshi lao lenye bunduki, tena lenye kiongozi aliyefundishwa na polisi wenyewe namna ya kuzitumia.

Habari zilipofika Perth, serikali ya waziri mkuu John Forrest, ambaye ni ndugu yake yule mpelelezi Alexander, ilitoa amri ya kuumaliza uasi huo. Tarehe 16 Novemba 1894 kikosi cha askari na walowezi wapatao 30, wenye silaha nzuri, kilifika korongoni. Wabunuba walikuwa katika mapango ya juu ya ukuta, ambayo mnaweza kuyaona hata leo mkisimama chini na kuinua macho. Wakapigana karibu siku nzima. Ellemarra aliuawa. Jandamarra alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya, na askari walioona damu yake mawenini walidhani amekwisha kufa. Lakini usiku alitoweka kupitia nyufa za miamba, akachukuliwa na watu wake.

Yaliyofuata hayakuwa vita tena. Vikosi vya polisi vilizunguka katika nchi yote, hata sehemu za Fitzroy Crossing zilizo mbali na Windjana, vikawaua watu wengi ambao hawakuwa na habari yoyote ya mambo ya Lillimooloora. Majina yao hayakuandikwa. Kwa sababu hiyo naona haifai kusimulia ushujaa wa Jandamarra kama mchezo wa kujificha na kutafutana, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi. Waliolipa gharama yake walikuwa wengi, na wengine walikuwa wazee na wanawake.

Jandamarra alipona. Kwa zaidi ya miaka miwili alikaa ndani ya safu ya Napier, na polisi hawakuweza kumpata. Maficho yake makubwa yalikuwa mahali paitwapo Tunnel Creek, kilometa 35 hivi kutoka Windjana, ambapo kijito kimetoboa mlima kikapita chini yake toka upande huu hata upande wa pili. Pango hilo lina urefu wa meta 750. Tulilipita kwa tochi, viatu miguuni, maji yakifika magotini na mahali pengine hata kiunoni. Popo wananing'inia juu ya kichwa, na ukiangaza tochi juu ya maji waona nukta mbili nyekundu, nazo ni macho ya mamba. Katikati paa limebomoka, mwanga unaingia kutoka juu, na mizizi ya miti imeshuka mpaka majini. Mtu anayejua mahali hapo aweza kuingia mlango mmoja, akapanda kwenye tundu la katikati, akatokea juu ya mlima, na anayemfuata akabaki amesimama gizani.

Ndivyo alivyofanya. Mara kwa mara alikwenda usiku hata kituo cha polisi cha Lillimooloora, akachukua chakula ghalani, akaacha nyayo zake wazi ili askari wazione asubuhi. Wakazifuata mpaka mlango wa pango, zikaishia hapo. Mawe ya chokaa ya mlima ule yana ncha kama misumari. Viatu vyangu, vilivyokuwa vipya, vilichanika pembeni kwa siku moja. Yeye alikimbia juu yake miguu mitupu. Wabunuba walisema kwamba alikuwa jalgangurru, yaani mtu mwenye uwezo mkuu usio wa kawaida, kwamba roho yake haikuwa mwilini bali ilikaa ndani ya maji ya Tunnel Creek, na kwa hiyo risasi haikumpata. Hata walowezi wengine wakaanza kuamini kidogo. Katika miaka hiyo uingiaji wa mifugo katika nchi ya Wabunuba ulisimama.

Mwishowe polisi walileta mtafuta nyayo kutoka nchi nyingine, mtu wa kusini, wa sehemu za Pilbara, jina lake Micki. Huyu hakuwa na udugu na Wabunuba, tena ilisemwa kwamba naye ni jalgangurru. Mwezi wa Machi 1897 Jandamarra na wafuasi wake walishambulia shamba la Oscar Range, akauawa Mzungu mmoja aitwaye Thomas Jasper. Polisi wakamfuata upesi. Alijeruhiwa, akakimbia, akazidi kutokwa damu, akajikokota kwa siku kadhaa akielekea Tunnel Creek. Tarehe 1 Aprili 1897 alikuwa amekwisha kufika majabalini karibu na mlango wa pango lake. Micki akamwona juu ya mwamba, akampiga risasi, akaanguka.

Basi mtu aliyeanza kwa kuwatafutia polisi nyayo za watu wake aliuawa na mtafuta nyayo. Wabunuba hawaoni ajabu katika hilo; kwao ni dhahiri kwamba hakuna aliyeweza kumwua ila mtu wa namna yake.

Askari walimkata kichwa kiwe ushahidi, na kichwa hicho kikachukuliwa, kikapelekwa Uingereza. Mwili ulizikwa na jamaa zake katika safu ya Napier, ndani ya mbuyu. Niliposikia hayo nilimfikiria Mkwawa wa Wahehe, ambaye alijiua mwaka 1898, mwaka mmoja tu na miezi michache baadaye, asije akakamatwa na Wajerumani, na kichwa chake nacho kikachukuliwa. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954, nasi twaweza kwenda Kalenga tukalitazama. La Jandamarra jamaa zake wamelitafuta wasilipate.

Kwa muda mrefu waliosimulia kisa chake walikuwa upande wa polisi tu. Mwaka 1952 mwandishi Ion Idriess alitoa kitabu juu ya habari hizo, kikasomwa sana, na ndani yake Wabunuba ni wahalifu wa kuwindwa. Lakini wazee wa Kibunuba walikuwa wakiyasimulia mambo hayo kwa watoto wao kwa namna nyingine. Mmoja wao, Banjo Woorunmurra, alishirikiana na mwanahistoria Howard Pedersen, wakalinganisha masimulizi ya wazee na hati za polisi, wakatoa kitabu mwaka 1995. Tangu hapo mambo yakabadilika. Mwaka 2008 mchezo wa kuigiza juu yake ulionyeshwa katika Perth, na maneno mengi ya mchezo huo yalikuwa ya Kibunuba. Mwaka 2014 habari zake ziliimbwa katika jumba kubwa la muziki la Sydney, na kati ya waimbaji walikuwamo Wabunuba waliosafiri toka Kimberley.

Na mwezi wa Desemba 2012 mahakama ya Australia ilitoa hukumu kwamba Wabunuba wanayo haki ya asili juu ya nchi yao, pamoja na makorongo hayo mawili. Majina ya Kibunuba nayo yamerudishwa rasmi: Windjana ni Bandilngan, na Tunnel Creek ni Dimalurru. Atlasi iliyo katika maktaba yetu ni ya zamani, haina majina hayo. Mwenye kuiazima anaweza kuyaandika kwa penseli, nyembamba, katika ukurasa wa Australia, juu kidogo ya mji wa Fitzroy Crossing.